Kasoro ndizo zinazoshika visulisuli vya sumaku
Umeuliza kwa nini utando wa supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana) wenye kasoro katika mpangilio wa atomi zake hubeba umeme mwingi kuliko ulio safi. Uga wa sumaku huupenya kama visulisuli vyembamba. Mkondo huvisukuma, na vikisogea tu, ukinzani unarudi na joto linazuka. Kiini cha kisulisuli hupenda kutulia penye kasoro kwa sababu hapo kinatumia nishati kidogo. Ukubwa ndio muhimu: katika YBCO, supakondakta ya oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, kiini ni nanomita chache tu, basi vijiti vya zirkonati ya bariamu vya kiasi hicho hukishika vizuri mno. Kwenye Bi-2212, supakondakta nyingine yenye bismuthi, tabaka za atomi hazishikani sana, kisulisuli hukatika vipande kama chapati, kila kimoja kikiteleza kivyake. Hapo mimi ningechagua mikwaruzo myembamba iliyonyooka kupita tabaka zote, inayoachwa na ayoni nzito (atomi nzito zenye chaji) zinazorushwa kwa kasi. Ila kasoro zikizidi, huziba njia ya mkondo wenyewe.