Nourish au feed, niandike lipi kwenye pakiti?

SWALI: Dada shkamoo, nauza unga wa lishe hapa Kiboriloni, Moshi, sa mteja kaniambia niandike nourish ili na watalii wanunue, afu nikaliona neno hilohilo kwenye mafuta yangu ya nywele nikachanganyikiwa, si bora niandike feed tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Feed usiandike kabisa, hiyo ni kumpa tu chakula, awe mtoto au kuku, hata printa inalishwa karatasi, haisemi kama hicho chakula kinamjenga mtu, na kwenye pakiti mtu atadhani ni pumba za mifugo. Nourish ni kulisha mpaka mwili unajengeka. We fikiria mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mama aliyejifungua Uchagani hapewi ashibe tu, anapewa arudishe nguvu, hiyo ndo nourish yenyewe! Neno limetoka Kilatini, nutrire, yaani kulisha au kunyonyesha, likapitia Kifaransa cha zamani, na neno nesi ni la ukoo huohuo, mi hapo huwa nafurahi sana.

Kwenye nywele maana yake kurutubisha. Waingereza wanalitumia hata kwa tumaini, sisi tungesema kulea. Kuna na maneno ya jirani yake: nurture ni malezi, ya mtoto au kipaji. Sustain ni kile chakula kinachokushikilia mpaka jioni.

We andika nourishing, ila UNGA WA LISHE ukae juu kwa herufi kubwa, wateja wako wa kila siku ni kina mama wa hapohapo sokoni.