Kwa wanaoanza kusoma historia ya miji iliyozingirwa: anzeni na ghala

Ndugu wanafunzi,

Katika miaka mingi ya kufundisha habari za miji ya Ulaya iliyozingirwa na majeshi, nimeona wanaoanza wakirudia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, yaani kuhesabu mizinga na kupima unene wa kuta kabla ya kuuliza wenyeji walikuwa na nafaka ya siku ngapi. Mji wa Leiden, nchini Uholanzi, ndio ulionifunza kuanza na ghala.

Wahispania, waliokuwa wakipigana na Waholanzi walioasi utawala wa mfalme wa Hispania, waliuzingira kwanza kuanzia Oktoba 1573 hadi Machi 1574, kisha wakauacha ili kwenda kulikabili jeshi la waasi lililokuwa likija kutoka upande wa Ujerumani. Katika miezi miwili ya nafuu iliyofuata, wenyeji hawakujaza maghala ipasavyo, wala hawakubomoa ngome ndogo ambazo adui aliziacha nje ya mji. Kamanda wa Wahispania, Francisco de Valdés, aliporudi mwishoni mwa Mei 1574, hakuhitaji kuzivunja kuta. Alifunga njia, akaiachia njaa kazi. Isomeni miezi hiyo miwili kwa makini kuliko siku yoyote ya mapigano, kwa sababu vifo vingi vya baadaye vilianzia hapo.

Jambo la pili ni kwamba msiandike "wenyeji walikataa kusalimu amri" kana kwamba mji mzima ulikuwa na moyo mmoja. Wapo wakazi wa Leiden waliokuwa wamekimbilia upande wa mfalme wa Hispania, nao waliwaandikia wenzao wakiwasihi wafungue malango kwa ahadi ya msamaha. Jibu walilopewa lilikuwa mstari wa Kilatini usemao kwamba filimbi ya mtega ndege huimba kwa utamu wakati anapomlaghai ndege. Hata waliobaki ndani waligombana. Fedha ya dharura iliyotolewa na mji ilikuwa na maneno yanayosema kwamba yote yalifanywa kwa ajili ya uhuru, na husimuliwa kwamba mhubiri mmoja alipolalamika kanisani kuwa ilipaswa kuandikwa dini, katibu wa mji, Jan van Hout, alichomoa bastola. Ugomvi huo unaeleza sababu za watu kustahimili njaa vizuri zaidi kuliko hadithi maarufu ya meya Van der Werff kujitolea mkono wake uliwe, hadithi ambayo nawasihi msiifanye msingi wa hoja yenu.

Kuhusu ukombozi, fuateni maji. Mapema Agosti kuta za kuzuia maji zilianza kukatwa ili mashua za Louis de Boisot, amiri wa waasi, zifike mjini kupitia mashambani, lakini maji yalikuwa mafupi mno kwa wiki nyingi, hadi upepo ulipogeuka na kuyasukuma bara. Barua za njiwa ziliwaambia waliokuwa ndani kwamba msaada uko njiani, jambo lililowapa subira. Boisot aliingia tarehe 3 Oktoba 1574 akiwa na heringi na mkate mweupe. Hadi siku hiyo, watu wapatao 6,000, takriban theluthi ya wakazi, walikuwa wamekufa, wengi wao kwa tauni iliyowakuta wamedhoofika.

Nje ya kuta kulikuwa na wakulima, ambao mashamba yao yalifunikwa na maji hayohayo yaliyouokoa mji. Watafuteni nao katika hati za vijiji na za ushuru wa ardhi, kwa kuwa katika barua za wakuu wa Leiden hawaonekani sana.