Salamu kwanza, kahawa baadaye

Juzi dada mmoja wa Dodoma kaniandikia. Anakuja huku Lyon, Ufaransa, mwezi ujao kwa mafunzo ya wiki mbili, na hoteli imemwambia chai ya asubuhi ni yuro 17 kwa siku. Anauliza: "Dada, hapo mtaani sipati pa kunywa chai kwa raha zangu bila kudharauliwa?" Neno hilo la mwisho ndilo limenikalisha kuandika. Mimi nilidharauliwa. Au nilidhani nimedharauliwa. Miaka sita sasa na bado sijakata shauri.

Ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza hapa, mwezi wa Novemba, baridi ya kuuma masikio. Nilipanda kilima cha Croix-Rousse kwa miguu, ngazi baada ya ngazi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba kuna metro, ule mstari C wenye reli ya meno, inayokufikisha juu umekaa. Nikafika nahema. Kando ya soko nikaona kibistro cha meza nane hivi, vioo vimefunikwa na mvuke, harufu ya siagi inatoka mpaka barabarani. Nikaingia, nikavuta kiti kwenye meza ya dirishani iliyotandikwa karatasi nyeupe na glasi mbili, na huku macho yangu yako kwenye simu nikamwambia mama aliyekuwa akifuta kaunta: "Café au lait," yaani kahawa ya maziwa.

Akaacha kufuta. "Bonjour, madame," akasema taratibu, kama mwalimu anayekurudishia daftari lenye makosa. Nikadhani hakunisikia. "Café au lait." Naye: "Bonjour, madame." Wazee wawili waliosimama kaunta na vikombe vyao wakageuka kunitazama. Nikaitoa hiyo bonjour, sauti imenikauka. Kisha akanihamisha. Meza ile imetandikwa kwa ajili ya chakula cha mchana, akasema, mtu wa kahawa akae kule. Kule kwenyewe ni pembeni ya mlango wa choo.

Nikanywa, nikamaliza, nikasubiri bili. Dakika arobaini. Mama anapita na vikombe, anapita na mikate, bili haji nayo. Nikajisemea, hawa hata hela yangu hawaitaki. Nikaacha noti ya yuro 5 mezani, nikatoka bila kuaga. Nililia kwenye ngazi za kuteremkia mjini, mwanamke mzima mwenye digrii.

Miezi iliyofuata nairuka, maana haikuwa na jipya: chai ya rangi chumbani, mkate wa dukani. Mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa Lyon hasa, ndiye aliyenirudisha palepale. Nilipomsimulia mkasa wangu alicheka hadi nikakasirika. Kisha akaniuliza: kwenu mtu anaingia dukani na kuagiza bila salamu?

Hapo nikanyamaza. Bibi yangu alikuwa akiuza vitumbua barazani kwetu Chumbageni, Tanga. Mtoto akija mbio na sarafu yake, "Nipe viwili," bibi ataendelea kugeuza vitumbua kana kwamba kapita paka. Utasimama hapo mpaka akili ikurudie. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, ulisema unataka vingapi?" Nimelelewa kwenye baraza ile, halafu nikaenda kufundishwa salamu na mama wa Kifaransa mbele ya wazee wawili.

Basi dada yangu, ushauri wangu wa kwanza ni bonjour. Wa pili pia ni bonjour, ila uongeze madame au monsieur, umtazame mtu usoni, na simu ibaki mfukoni. Mambo mengine yanafuata yenyewe.

Ukisema "un café" utaletewa kikombe kidogo cha kahawa nyeusi, mafunda matatu imekwisha. Ukitaka ya maziwa sema "un crème". Ile "café au lait" yangu wataielewa, ila hiyo ni ya kunywea nyumbani kwenye bakuli. Chai sikushauri. Ni maji ya moto na kifuko, maziwa pembeni kama yamekuja kusindikiza, na tangawizi usiulize. Kusimama kaunta kwa kawaida ni nafuu kuliko kukaa: mimi pale hulipa yuro 1.60 kwa kahawa nikisimama na 2.20 nikikaa. Wewe kaa. Hizo senti sitini unanunua meza, na meza ukishainunua ni yako.

Ndiyo maana bili haikuja. Kumletea mtu bili hajaiomba ni kama kumwambia anyanyuke aende zake. Mama wa watu alikuwa ananiheshimu, mimi nahesabu dakika! Ukiwa tayari, mtazame, sema "l'addition, s'il vous plaît". Huduma imeshahesabiwa ndani ya bei, kwa hiyo ukiacha sarafu ni kwa hiari yako. Na meza zenye glasi na visu asubuhi ziepuke, zina wenyewe saa sita.

Kula "tartine". Ni kipande cha baguette, ule mkate mrefu mwembamba, kilichopasuliwa kwa urefu, siagi, jamu. Chovya kwenye kahawa bila haya, wazee wa kaunta wote wanachovya. Siagi inayeyuka na kuacha vijiduara vya mafuta juu ya kikombe. Lyon wana pia brioche, mkate laini mtamu, yenye lozi zilizopikwa kwenye sukari ya rangi ya waridi, ukiikata utadhani imechafuliwa na rangi ya kucha. Nunua.

Brunch ya Jumapili, ile chai ya asubuhi iliyounganishwa na chakula cha mchana, mimi hapana. Nililipa yuro 26 mahali fulani kwa mayai, parachichi na foleni. Ukitaka kula asubuhi kwa kushiba, huku kuna kitu kinaitwa mâchon. Wafumaji wa hariri wa Croix-Rousse, canuts, waliogoma na kupigana na askari mwaka 1831 na tena 1834, walikuwa wakianza kazi mapema mno, hivyo asubuhi wakakaa kula hasa: utumbo, soseji, na mvinyo kwenye chupa nzito ya sentilita 46. Aliyezoea supu ya utumbo na chapati saa moja asubuhi pale Buguruni hana la kushangaa. Kama hutumii nguruwe uliza kila sahani, maana yumo kwenye nyingi. Lakini usiikimbie "cervelle de canut" kwa sababu ya jina. Maana yake ubongo wa mfumaji, nami niliikataa mwaka mzima. Kumbe ni jibini laini jeupe lenye vitunguu na majani ya viungo.

Najua mnaonisoma hapa ni watu wa kuhangaika kama mimi, mnatafuta skolashipu, mnatafuta visa. Mkifika mnakimbia hivyohivyo, mnakula mkiwa wima kwenye tramu, halafu mnasema wenyeji wana roho mbaya. Kaeni. Saa nzima, kikombe kimoja. Na mseme bonjour, nimeshasema?

Mama yule sasa ananiita "la Tanzanienne", na nikiingia tu mashine ya kahawa inaanza kulia kabla sijavua koti. Ninaringa, sifichi. Ila asubuhi ile ya Novemba, karibu na kaunta palikuwa na meza mbili tupu zisizotandikwa chochote, naye akanipeleka chooni. Sijawahi kumuuliza.

Dada wa Dodoma, njoo Jumamosi kabla ya saa tano, soko likiwa limechangamka, Jumatatu halipo. Nitakuwa meza ya pili kutoka dirishani. Ukianza na bonjour, crème ni juu yangu. Brioche kila mtu na yake.