Jibu: Je, kompyuta kutoka mezani na kuingia katika mazingira ni jambo jipya?
Ndugu, umeuliza kama kompyuta kuhamia kwenye kuta, vyumba na vikao vya watu kumeletwa na simu janja. Hapana, wazo hilo limezitangulia. Mwanasayansi wa kompyuta Mark Weiser na wenzake katika Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko Marekani, walilifanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaunda vifaa vya ukubwa wa kiganja, wa daftari na wa ubao wa ukutani.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa msanii Natalie Jeremijenko, aliyening'iniza uzi wa plastiki kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi: data chache zikipita, uzi ulitikisika kidogo, zikipita nyingi, ulizunguka kwa kasi na kuvuma, hivyo kila aliyekuwa karibu alijua hali ya mtandao bila kutazama skrini yoyote.

Kifaa kikishakuwa mbele ya watu wote namna hiyo, mbunifu analazimika kujiuliza nani anaona, nani anasikia na nani anarekodiwa bila kuombwa ridhaa. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwa kuwa anayeingia katika ukumbi wenye kamera na vitambuzi mara nyingi haonyeshwi mahali pa kukataa.