Hilo si yungiyungi, ni gugu maji

Umeuliza iwapo mmea wenye maua ya zambarau uliouchukua bwawani na kuupandikiza kwenye kidimbwi chako ni yungiyungi la asili. Kwa maelezo yako, hilo ni gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Tazama kikonyo cha jani: kimevimba kama kibofu, na ukikipasua utakuta sponji iliyojaa hewa, ilhali jani la yungiyungi hulala bapa juu ya maji na kikonyo chake kirefu hushuka hadi matopeni. Ua la gugu maji linavutia kweli, hasa lile doa la manjano kwenye petali ya juu. Hata hivyo, nakusihi uling'oe lote mapema, pamoja na mizizi, ulikaushe mbali na maji, kwani mbegu zake hukaa hai matopeni kwa miaka mingi.