Kabla ya kuuliza dawa ya ukungu, angalia umri wa mmea

Ninyi mnaoanza kilimo cha mboga za majani, mkiniletea jani lenye madoa mnauliza dawa kwanza. Mimi nitauliza: mmea una umri gani, na jani hili umelitoa juu au chini?

Kitaluni adui mkubwa ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche. Mche wa sukuma wiki au chainizi wenye majani mawili ya mwanzo una shina laini mno, na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia hupenya kirahisi. Chuchumaa uangalie: shina limelowa na kusinyaa pale linapogusa udongo, mche umelala, majani bado ya kijani. Kesho yake majirani zake nao wamelala. Shina likishakomaa, hatari hiyo hupungua sana, kwa hiyo kazi yako ni kuuvusha mche salama hadi hapo. Sia kwa mistari, punguza miche mapema, tumia samadi iliyooza vizuri, ondoa nyasi za kufunika mara mbegu zinapoota. Mwagilia asubuhi. Mche uliokwisha kulala hauponi kwa dawa yoyote. Ung'oe na udongo wake.

Shambani mambo hugeuka. Madoa ya ukungu wa Alternaria kwenye kabichi na sukuma, yale yenye duara ndani ya duara, kwa kawaida huanzia majani ya chini yaliyozeeka. Spinachi nayo hupata vidoa vya kijivu vyenye ukingo wa zambarau, vya ukungu wa Cercospora, huku majani ya katikati yakiwa safi kabisa. Anayeacha kuchuma akingoja bei ipande anaulea ugonjwa. Chuma kwa wakati, na jani kuukuu litoe hata kama halina soko. Wala usiweke kitalu kipya pembeni ya tuta lililochakaa.

Mchicha una tabia yake: wakati wa masika, uozo wa ukungu wa Choanephora hupendelea vichipukizi laini, hasa vilivyojeruhiwa na wadudu au kisu. Hapo uchanga wa jani haukulindi.

Madoa yakitokea ukikaribia kuvuna, soma kibandiko cha dawa kabla ya kushika bomba. Siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna zikizidi zilizobaki, usipulizie. Chuma yaliyo safi uuze, yenye madoa yafukie mbali na matuta.