Kabla ya kuchukua damu: ushauri kwa watafiti wa afya wanaoingia kijijini

Andiko la utafiti likishapitishwa na kamati ya maadili, hata sentensi moja ya fomu ya ridhaa haibadilishwi bila maombi mapya na wiki kadhaa za kusubiri. Ndiyo maana mkutano wa kijiji unaoitishwa baada ya kibali kutoka, friji ya sampuli ikiwa tayari garini, si ushirikishwaji. Ni tangazo. Wanakijiji huitambua tofauti hiyo upesi, na hawaisemi. Wanapiga makofi, wanapokea soda, na wiki inayofuata ukipiga hodi hawapo nyumbani.

Nenda mapema basi, andiko likiwa bado rasimu, na upeleke mambo ambayo kweli yanaweza kubadilika: kiasi cha damu, saa ya kutembelea kaya, nani atumwe nyumbani kwa watu, nauli itakuwa kiasi gani, mshiriki akidhurika atatibiwa wapi na kwa fedha za nani. Yasiyobadilika yaseme wazi kwamba hayabadiliki, na utoe sababu. Ukiomba maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kwingine, siku watakapogundua ndiyo siku ya mwisho ya kupewa jibu la kweli.

Ngazi za kuingilia zinajulikana. Tanzania barua hushuka kutoka mkoani hadi kwa mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji. Kenya hupita idara ya afya ya kaunti, kisha kwa chifu, naibu wake na wazee wa mtaa. Usiruke hata mmoja, maana aliyerukwa ndiye atakayeulizwa na watu usiku, na atajibu kwamba yeye hana habari. Lakini idhini ya chifu si ridhaa ya mama. Baraza la chifu huhudhuriwa zaidi na wanaume wazee, ilhali utafiti mwingi wa watoto unamtafuta mama wa miaka 25 ambaye saa hiyo yuko kisimani au shambani. Mfuate siku ya kliniki ya watoto, au kwenye kikao cha vikoba au chama, ukiomba dakika 20 tu baada ya hesabu zao kwisha. Epuka siku ya gulio, wiki za kwanza za masika, na alasiri za Ramadhani.

Damu inahitaji kikao chake peke yake. Pwani yote ya Afrika Mashariki ina hofu ya mumiani, bara wana chinjachinja, na hofu hiyo ni ya zamani kuliko utafiti wako. Kuicheka hakuiondoi. Kinachosaidia ni vipimo vinavyoonekana kwa macho. Njoo na chupa halisi ya sampuli, kijiko cha chai na maji yenye rangi. Mimina mililita 5 kijikoni mbele ya watu, kisha mpe yeyote anayetaka arudie mwenyewe. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takriban mililita 750 hadi 800, kwa hiyo kijiko hicho hakifiki asilimia moja. Usiseme "damu kidogo tu". Mama mwenye mtoto mgonjwa anaisikia "kidogo" tofauti na wewe. Taja jumla pia. Utafiti wenye ziara sita za mililita 5 ni vijiko sita, na akiambiwa kimoja kisha akahesabu sita ataona amedanganywa, na atakuwa na haki. Halafu lisemwe lile ambalo watafiti wengi hulimeza: je, damu inasafirishwa nje ya nchi, itahifadhiwa miaka mingapi, na nani anaweza kuitumia baadaye kwa swali jingine? Asiyetaka damu yake ihifadhiwe awe na kisanduku chake cha kuweka alama kwenye fomu, na aendelee kuwa mshiriki.

Uvumi mwingi una jambo la kweli ndani yake. Gari lenye vioo vyeusi lisilo na jina, linalopita jua likizama likibeba watu wenye glavu, lingemtisha yeyote. Weka jina la mradi mlangoni mwa gari, vitambulisho shingoni, na timu itoke kijijini kabla ya jua kuzama. Fungua daftari la uvumi: limesemwa nini, wapi, tarehe gani, na nani aliyeleta habari (cheo chake kinatosha, jina usiliandike). Lisome kila Jumatatu na timu. Kipaza sauti usikitumie kukanusha, maana utawafikishia uvumi hata waliokuwa hawajausikia. Jibu lipite kwa mkunga, imamu, mchungaji, mwenye duka.

Sasa kukataa. Ni wachache watakaokuambia "sitaki", hasa kama mwenye fomu amekuja na mzee wa mtaa. Watasema "subirini baba watoto arudi", "njooni kesho", au mtoto atapelekwa kwa bibi siku ya ziara. Mama atakukaribisha kiti, akuletee maji, kisha aingie jikoni asitoke. Hilo ni jibu. Wekeni kanuni: ziara tatu zisizofanikiwa zihesabiwe kuwa kukataa, na msirudi ila mkiitwa. Rekodini idadi hizo kwa kila kitongoji. Zikipanda ghafla mahali pamoja, kuna jambo, na hulijui bado. Muhimu zaidi, mfanyakazi wa nyanjani asilipwe kwa kichwa, wala asipimwe kwa idadi ya fomu. Huyu ni mtoto wa hapo hapo, amekosa kazi miaka miwili, na ukimpa lengo la washiriki watano kwa siku atawapata, lakini usiulize aliwaelezaje. Tena asipangiwe kwenye kaya za ukoo wake, hasa kama kuna maswali ya VVU au uzazi.

Fomu yenyewe ijaribiwe. Isome kwa sauti kwa watu kumi wa eneo hilo ambao hawatashiriki, kisha waombe wakusimulie kwa maneno yao. Mahali watatu wanapopotea, hapo pameandikwa vibaya, si wao waliokosea. Pa kukwama panajulikana: kupangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu, na kundi la kulinganisha, yaani wale wasiopewa kinachojaribiwa. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Kilifi, Korogwe na Bagamoyo, lilikuwa na njia nzuri hapa: watoto wa kundi la kulinganisha walipewa chanjo nyingine yenye faida, wakubwa kidogo walipewa ya kichaa cha mbwa, na wachanga zaidi walipewa ya homa ya uti wa mgongo. Ni rahisi mno kumweleza mzazi kwamba mtoto atapata moja kati ya chanjo mbili kuliko kumweleza sindano isiyo na kitu ndani.

Jaribio hilo hilo linafundisha upande wa pili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Kabla ya hapo, kuanzia 2019, ilianza kutolewa kwa majaribio ndani ya huduma za kawaida katika Ghana, Malawi na Kenya, na kwa Kenya ilikuwa kaunti za magharibi, upande wa ziwa. Kilifi haikuwemo, na Tanzania yenye vituo viwili haikuwemo. Sababu za kitaalamu zilikuwepo, lakini mzazi aliyetoa mtoto wake ana swali moja: ile chanjo yetu iko wapi? Swali hilo lijadili naye siku ya kwanza. Sema kwamba kati ya jaribio na zahanati huenda ikapita miaka mingi, na kwamba anayeamua wapi ianze si mtafiti. Kama mfadhili ameahidi kitu baada ya jaribio, kiandikwe. Kambodia mwaka 2004 jaribio la dawa ya kuzuia VVU lilisimamishwa na serikali baada ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono kudai bima ya muda mrefu dhidi ya madhara. Wengi waliwaona wakorofi. Kwa maoni yetu waliuliza swali ambalo andiko lilipaswa kulijibu.

Kamati ya ushauri ya jamii ni jambo jema likifanywa vizuri, na pambo likifanywa vibaya. Kilifi, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanza 1989 kina mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wakazi wa maeneo yao, na hapo ndipo pa kuanzia: wachaguliwe, wasiteuliwe na chifu wala na mradi. Watu 12 hadi 15 wanatosha kwa kata moja, nusu wanawake, na wawepo wasiokuwa na vyeo. Kinachoharibu kamati nyingi ni kwamba baada ya mwaka wanageuka wapiga debe wa mradi, kwa sababu posho inatoka huko. Dawa ni mbili. Wakutane wenyewe nusu saa kabla watafiti hawajaingia. Na kila hoja yao ijibiwe kwa maandishi na mtafiti mkuu ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni hapana.

Posho na nauli ziwe za wazi, zibandikwe ukutani zahanati. Miradi miwili ikilipa tofauti katika kijiji kimoja, ugomvi hauna mwisho. Kaeni mkubaliane kabla. Fidia ya siku iliyopotea ni halali, ilimradi isizidi kipato cha siku hadi mtu ashindwe kukataa.

Mwisho ni matokeo, na hapa ndipo miradi mingi hutoweka. Majibu yanayohusu tiba ya mtu, kama wingi wa damu au malaria, yampate mapema, siku ile ile inapowezekana. Matokeo ya jumla yaletwe kwenye karatasi moja ya Kiswahili kabla ya kuchapwa jaridani, hata kama dawa haikufaa. Ikibidi kueleza kwamba dozi nne za RTS,S zilizuia takriban theluthi moja ya visa vya malaria kwa watoto wakubwa kidogo kwa miaka minne, wachoree picha: visa vitatu, kimoja kimezuiwa, viwili bado vinahitaji chandarua. Kikao hiki hugharimu nauli, chai na siku tatu za gari. Kwa kuwa kinakuja mradi ukiisha, fedha zake huwa zimeshakwenda kwenye vitendanishi vya maabara, kwa hiyo ziwekwe kwenye mstari wake wa bajeti tangu mwanzo, na mhasibu aambiwe kwa maandishi kwamba hazihamishwi bila sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya jamii.